Ukibofya, Umpe

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Velma alitandika gunia mbele ya mlango wao, akaweka juu yake kikopo cha majani ya rehani, kisha akafungua kasha la mbao. Sungura alitoka polepole, pua ikichezacheza. Rangi yake ilikuwa ya tende mbivu, na Tende ndilo jina alilopewa. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo dogo pembeni, kama tikiti ya basi iliyokwisha kukatwa.

"Tende, zunguka."

Sungura aligeuza kichwa, kiwiliwili kikafuata. Mduara ulipofungana tu, kalamu ililia mkononi mwa Velma, tiki, na papo hapo jani moja likashuka mbele ya pua yake. Mambo haya Velma aliyapata kwenye simu ya babake, kwa mwanamke mmoja wa ng'ambo aliyekuwa na kidude maalumu cha kubofya. Kidude kama kile hakuna duka la Bombolulu lililowahi kukiuza, kwa hiyo alitumia kalamu ya hotelini aliyoletewa na mamake, nyeupe, yenye picha ya mnazi ubavuni. Unabofya pale pale mnyama anapofanya unachotaka. Kisha unampa kitu. Nyasi ndicho chakula chake. Jani la rehani au la dania ndiyo zawadi. Karoti ni tamu mno, kwa hiyo kipande kimoja, kidogo kama ukucha, ni cha Jumapili. Na sheria kubwa kuliko zote aliiandika kwa chaki ubavuni mwa kasha: UKIBOFYA, UMPE.

"Hata ukibofya kwa bahati mbaya," aliwaambia wapangaji wote wa ua ule. "Usipompa, ule mlio unakuwa mwongo. Ataacha kuusikiliza."

"Niazime hiyo kalamu, mwanangu," alisema Mwanatabu, jirani yao, akigeuza mahamri kwenye karai upande wa pili wa ua. "Wallahi baba watoto namwambia zunguka mwaka wa ishirini huu, hajazunguka."

"Wampa nini akizunguka?"

"Nimpe nini tena? Mahamri yote amekwisha kula!"

Velma alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa ndio anainua mkono kumwonyesha Tende asimame kwa miguu ya nyuma, pale mamake, Kanze, alipotoka chumbani mbio, simu sikioni, khanga ikimporomoka. Mguu wake uligonga kikopo, rehani ikamwagika. Tende alirukia kashani na kujikunyata pembeni.

"Ndiyo, Bwana Fidel," Kanze alikuwa akisema. Alisimama wima, mkono mmoja ukinyoosha khanga, kana kwamba aliyekuwa upande wa pili alimwona. "Ndiyo. Ijumaa. Hata si neno, Bwana Fidel. Hata si neno."

Alipokata simu, aliendelea kusimama vile vile.

"Nani, mama?"

"Watu wa kazini," alisema Kanze, akainama kuokota majani, moja moja.

Ilikuwa Jumatano. Watu wa kazini hawakuwa wamepiga simu tangu Aprili.

*

Chumbani, Garama, babake Velma, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akifunga mikanda ya chuma cha mguu. Mguu wa kulia ulikuwa umepooza tangu utotoni, na kila asubuhi aliufunga chuma hicho kabla ya kwenda kwenye karakana, alikoshona viatu vya ngozi. Mikanda yenyewe alikuwa ameikata na kuishona kwa mikono yake.

"Wanasemaje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wanafungua tena ile pembe ya watoto. Jumamosi wageni wa Agosti wanaingia. Bwana Fidel ameona video ya Tende niliyoiweka kwenye stetasi."

"Enhe."

"Anasema nimpeleke Ijumaa saa tisa. Wamwone."

"Wamwone."

"Ndiyo. Wamwone."

"Na wakishamwona?"

Kanze alikaa, akasimama, akaenda kulirudisha pazia ambalo halikuwa limesogea. "Amesema habari ya mkataba tutazungumza huko huko."

Garama alivuta mkanda wa mwisho. Kwa miaka tisa mkewe alikuwa ametandika vitanda kwenye hoteli ile ya Shanzu, kibarua wa miezi mitatu mitatu. Mwezi wa Aprili mkataba ulipokwisha aliambiwa, kama alivyoambiwa kila mara, nenda nyumbani, tutakupigia. Siku hiyo hiyo pembe ya watoto, walikokuwa wakichezea wanyama, ilikuwa inafungwa, bata na sungura wanabebwa kwenda jikoni, naye akamwomba mpishi amwachie mmoja, huyo mwenye sikio lenye pengo.

"Sungura ni wa mtoto, Kanze."

"Na mtoto ni wa nani?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Mkono mtupu haulambwi. Nimekwenda pale mara tatu na mikono mitupu. Unajua askari wa getini hufanyaje? Huniandika kwenye kitabu. Jina, saa, halafu pale pa kueleza mimi ni nani, anaandika mgeni. Mimi! Yule kijana alipoajiriwa, mimi ndiye niliyemwonyesha choo kiko wapi."

Garama alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha.

"Basi mwambie mtoto," alisema. "Umwambie wewe, maana mimi nitashindwa."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Garama!"

*

Mchana Kanze alikwenda soko la Kongowea, akarudi na furushi la majani ya karoti ambayo wauzaji huyakata na kuyatupa. Safari hii alikuwa ameyaokota mengi mno, mzigo mzima.

"Mama! Kuna harusi ya sungura?" Velma aliyapokea kwa mikono miwili.

"Velma."

"Abee, mama."

Kanze alijifuta jasho. Alitazama mlango wa Mwanatabu, akatazama kamba ya nguo. "Ijumaa tutakwenda na Tende hotelini. Wanataka kumwona anavyofanya."

"Kumwona tu?"

"Wamwone anavyofanya," alirudia Kanze.

Velma alishika mdomo. Kisha akaanza kuzungumza kwa kasi, kama asemavyo mtu mwenye kazi nyingi na muda mchache. Tende hajawahi kupanda tuktuk. Ataogopa. Lazima afundishwe kuingia kikapuni mwenyewe, kwa sababu mnyama akiingizwa kwa nguvu hukumbuka, lakini akiingia kwa hiari yake haoni tabu. Siku mbili zatosha? Zatosha, wakianza sasa hivi.

Wakaanza. Velma alilaza kikapu ubavu, akasubiri. Tende alikitazama tu: tiki, jani. Akasogea hatua moja: tiki, jani. Akaingiza pua: tiki. Kanze alikuwa akifagia ua. Kila kalamu ilipolia ufagio wake ulisita, kisha ukarudi kufagia pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Mama Velma, hapo watoboa sakafu," alisema Mwanatabu.

Kanze alimsogelea, akamwinamia sikioni kama anayeulizia unga, akamwambia yote. Mwanatabu aliuangalia mgongo wa Velma uliokuwa umeinamia kikapu.

"Na mwenyewe hajui?"

"Usiseme, dada. Nitamwambia."

Alhamisi jioni Tende aliruka kikapuni kwa neno moja, akatulia ndani kama mwenye nyumba. Velma aliruka pia, akaenda kumwita babake aje aone. Garama alikuja na kamba ya ngozi aliyoishona karakana, ya kufungia kifuniko, yenye kishikizo cha shaba. Tende alirudia mchezo wake. Garama alipiga makofi, lakini macho yake yalikuwa kwa mkewe.

"Umemwambia?" alimuuliza baadaye, wakati Velma amekwenda kuchota maji.

"Nimemwambia tunakwenda."

"Sikukuuliza hilo."

*

Ijumaa Velma aliamka na amri. Leo Tende asipewe kitu chochote ila nyasi na maji. Zawadi zote zimo kwenye kikopo, rehani na dania, na zitatolewa hukohuko. Sungura aliyeshiba hafanyi kazi. Baada ya kuyasema hayo mara tatu kwa kila mtu, alikwenda bafuni kuoga.

Mwanatabu alivuka ua na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Alichuchumaa mbele ya kasha, akafunua. Mahamri mawili, ya moto bado, yananukia iliki.

"Kwetu msafiri haondoki na njaa," alisema kwa sauti ya chini, akimega. "Njoo, baba. Kula mkono wa jirani. Nani ajuaye huko watakupa nini."

Kanze alikuwa mlangoni. Aliona kila kipande kikiingia. Neno la kukataza lilimfika ulimini, likakwama: angemkataza vipi mtu kumuaga anayeondoka, naye ndiye anayemwondosha? Alikunja khanga, akaikunjua. Tende alikula yote, akalamba na sukari iliyobaki vidoleni mwa Mwanatabu.

Velma alitoka bafuni ananukia sabuni. "Tende, kikapuni!"

Sungura aliingia mwenyewe. Velma akabofya, akampa jani moja, akafunga kishikizo cha shaba. Hakuona kwamba lile jani lilibaki pale lilipodondoka.

*

Kwenye lango la wafanyakazi, askari alifungua kitabu chake.

"Jina?"

"Si unanijua?"

"Kanuni, mama." Aliandika. Akachungulia kikapu. "Na huyu?"

"Sungura."

Aliandika tena, akisoma kwa sauti polepole: "Wageni wawili... pamoja na sungura mmoja."

Ofisi ya burudani ilikuwa nyuma ya jiko. Ili kufika hapo walipita ujia wa mashuka, na Kanze, bila kutaka, alinusa ile sabuni ya dobi na miguu yake ikaanza kutembea kwa kasi ya zamani. Wasichana wawili wasiomjua walimpisha na kigari cha taulo. Shuka la juu lilikuwa limekunjwa ovyo. Mikono ilimwasha.

Bwana Fidel alikuwa kijana mnene wa Nakuru, mchangamfu, mwenye fulana ya hoteli. Aliwakaribisha kwa mikono yote miwili. Kalamu nyeupe yenye mnazi ilikuwa katika vidole vyake.

"Mama Velma! Na hii ndiyo staa yetu? Ile video ilibamba, aki. Nimeonyesha kila mtu." Tiki, tiki. "Sasa hebu tuone."

Ndani ya kikapu masikio ya Tende yalisimama. Velma alimtoa, akamweka juu ya zulia. Tiki, ililia kalamu ya Fidel, naye Tende akageuza kichwa kwake. Tiki. Akasubiri. Tiki, tiki.

"Kumbe ananitambua!"

"Samahani, mjomba," Velma alisema, akitazama chini. "Ukibofya lazima umpe."

"Nimpe nini?"

"Rehani." Alimnyooshea kikopo.

Fidel alicheka, akachukua jani, akalisahau mezani. "Mwalimu kweli wewe. Haya, endelea, mwalimu."

"Tende, zunguka."

Tende hakuzunguka. Alikuwa amejikunja kama mpira, macho yamefumba nusu. Velma alibadilisha, akamwita aje. Hakuja. Alimpelekea jani la dania mpaka kwenye mdomo, na sungura akageuza uso. Hapo Velma alipiga magoti. Tangu Aprili Tende hakuwahi kukataa dania. Alimsogezea sikio akasikia meno yakisagana. Akamshika tumbo: gumu, limejaa kama ngoma. Akaangalia ndani ya kikapu. Kwa kawaida safari ya namna ile ingeacha punje za mavi kama pilipili manga. Hapakuwa na hata moja.

"Mama. Amekula nini?"

Kanze alitazama dirisha.

"Mama?"

"Mama Mwanatabu alimpa mahamri."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na hukumkataza?"

"Ah, ni uchovu wa njia tu," Fidel aliingilia kati. Alivuta droo, akatoa biskuti iliyofungwa kwa karatasi, ile wanayowekewa wageni kando ya kikombe cha chai. "Mpe hii, ataamka."

"Hapewi biskuti," alisema Velma. "Ana ugonjwa. Tumbo likisimama anaweza kufa."

"Hawezi kufa bana, sungura ni ngumu hizi. Hata asicheze leo, si lazima. Watoto wenyewe wanataka kumshika tu na kupiga picha. Kibanda chake kiko tayari hapo nje, nimekipaka hata rangi. Atalala, kesho atakuwa poa."

"Atalala wapi?"

Fidel aliacha kutabasamu. Alimgeukia Kanze. "Si mlielewana nyumbani?"

Kalamu ililia mkononi mwake, tiki. Tende hakuinua sikio.

"Bwana Fidel," Kanze alisema kwa sauti ndogo, "na ile habari ya mkataba?"

"Hiyo sasa ni ofisi ya wafanyakazi, mama. Mimi ni burudani. Lakini nitawaambia vile umetusaidia, si unaona? Nitaweka neno zuri." Tiki. "Watakupigia."

Velma hakulia. Alimrudisha Tende kikapuni, akamzungushia mikono yote miwili, akaketi juu ya zulia akimsugua tumbo kwa vidole viwili. Alikuwa amemkazia mamake macho.

Maneno ya miaka tisa yalimjia Kanze mdomoni, mepesi kama kawaida. Hata si neno. Alikuwa ameyasema alipokatwa siku za ugonjwa, akayasema alipopewa ghorofa mbili peke yake, akayasema hata mbele ya kitabu cha getini. Fidel alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa, akiyasubiri.

"Ni neno," alisema Kanze.

"Vipi?"

"Nasema ni neno, Bwana Fidel. Mimi sikuja hapa kuonyesha mchezo. Nimekuja kutaka kazi yangu. Nimeifanya miaka tisa, unajua na meneja wako anajua. Kama ipo, niambie ipo. Kama haipo, niambie haipo, nisiwe nalala na simu kifuani. Lakini usinibofyebofye hiyo kalamu."

Fidel aliitazama kalamu kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemtilia mkononi. Akaiweka mezani taratibu, kando ya lile jani la rehani. Nje, kigari cha taulo kilipita kikilia gurudumu.

"Haipo," alisema mwishowe. Uchangamfu ulikuwa umemtoka, akaonekana mdogo, kijana tu. "Kazi yote ya vyumba imepewa kampuni ya nje. Tangu Mei. Tuliambiwa tusiwaambie, mtakuja kujaa getini. Pole, mama."

"Tangu Mei."

"Ndiyo."

"Ahsante," alisema Kanze, na alimaanisha. "Velma, beba kikapu. Tunakwenda naye nyumbani."

*

Askari aliandika saa ya kutoka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na benchi la mwenye kibanda cha vocha, na Velma akaomba wakae kidogo kabla ya tuktuk, maana mtikisiko ungemuumiza. Kanze alinunua maji. Akashika kifuniko cha chupa, akakijaza, naye Velma akamnywesha Tende, tone baada ya tone, mkono wa pili ukisugua tumbo kwa mduara. Garama alipiga simu mara mbili. Kanze hakushika. Alikaa, akainuka, akatazama njia ya Bombolulu, akakaa.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha Velma aliinua mguu wa sungura, akachungulia. Chini ya manyoya palikuwa na punje mbili, ndogo na laini kuliko kawaida. Halafu ya tatu.

"Yanatoka," alinong'ona.

Kanze aliinama kuzitazama zile punje tatu. Aliona pia jinsi vidole vya mwanawe vilivyoendelea kusugua. Alitaka kuvishika, akaona havina nafasi ya kushikwa.

"Mama."

"Abee, mwanangu." Lilimtoka hivyo, kama yeye ndiye mtoto.

"Yule mjomba amesema mlielewana."

"Hujala tangu asubuhi, Velma. Ngoja nikutafutie..."

"Sitaki kula. Nataka useme wewe."

Tuktuk ilipunguza mwendo mbele yao, dereva akatoa kichwa. Kanze alimpungia mkono aende. Akavuta khanga mabegani, akaiachia, na mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, ikatulia mapajani.

"Nilikuja kumwacha," alisema. "Nilijua tangu ile simu. Nilikuangalia unamfundisha kuingia kikapuni, na nilijua anakokwenda, nikaogopa kukwambia. Nilitaka kumtoa Tende wako ili nipate kazi. Nisamehe, Velma."